Je, Kiziwi Aweza Kuuguza?

Kila mwaka vijana wetu humaliza masomo ya shule, na miongoni mwao wamo wanaotamani kazi ya kuhudumia wagonjwa. Walio wengi hupokelewa au hukataliwa kwa alama zao za mitihani, na jambo hilo halina ubishi mkubwa. Lakini wapo wachache ambao alama zao zatosha, na hata hivyo hujibiwa kwamba chuo hakiwezi kuwachukua: mmoja kwa kuwa hasikii vema, mwingine kwa kuwa atembea kwa magongo, mwingine kwa kuwa ana kifafa, ingawa dawa humtuliza. Wakubwa wa vyuo wanaotoa majibu hayo si watu wakatili. Wao husema, “Twamhurumia kijana huyu, lakini yatupasa kumhurumia mgonjwa zaidi.” Neno hili ni zito, na mtu aliyepata kulala hospitalini hawezi kulidharau. Basi twataka kulipima, tuone kama ni kweli, na kama ni kweli, ukweli wake wafika mpaka wapi.

Kiko kisa kimoja kinachofaa kuanzia, kwa sababu kilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na hoja za pande zote mbili zimeandikwa. Bibi Frances Davis alikuwa amepata cheti cha uuguzi msaidizi mwaka 1967. Baadaye aliomba kuingia Southeastern Community College, chuo cha jimbo la North Carolina, ili asomee uuguzi kamili. Masikio yake yote mawili yalikuwa mazito, na hata akitumia kifaa cha kusaidia kusikia hakuweza kufahamu maneno ya mtu pasipo kuitazama midomo yake. Chuo kikamkataa. Naye akashtaki kwa sheria ya mwaka 1973, ambayo ilikataza mpango wowote unaosaidiwa kwa fedha za serikali ya Marekani kumtenga mtu anayestahili kwa sababu ya ulemavu wake tu.

Tarehe 11 Juni 1979 majaji wote wakaamua, kwa sauti moja, kwamba chuo hakikuvunja sheria. Sababu zao si za kipuuzi. Katika chumba cha upasuaji watu hufunika vinywa kwa barakoa, na asomaye midomo hana cha kusoma. Daktari atakapo chombo kwa haraka, hana nafasi ya kugeuka na kusema mara ya pili. Ili Bibi Davis asome bila hatari, chuo kingalilazimika ama kumwekea mwalimu wa kumsimamia peke yake kila alipokuwa na mgonjwa, ama kumruhusu asome vitabu tu bila kuingia wodini. Mambo hayo, walisema majaji, si kuyarekebisha mafunzo, bali ni kuyageuza yawe kitu kingine. Na sheria haikukilazimisha chuo kufanya hivyo.

Wengi wakumbukao hukumu hiyo huishia hapo. Lakini majaji waliongeza neno jingine ambalo halitajwi sana: kwamba ufundi utazidi kuendelea, na kwamba huenda ukafika wakati ambapo chuo kukataa kubadili utaratibu wake kutakuwa ni ubaguzi. Walifunga mlango, wala hawakuutia komeo. Tangu wakati ule vimetengenezwa vyombo vya kusikilizia moyo ambavyo hukuza sauti mara nyingi, na vingine huchora mapigo ya moyo kwenye kioo, hata jicho likaona yale ambayo sikio lilikuwa likiyatafuta. Barakoa nazo zimetengenezwa zenye dirisha linaloonyesha midomo. Mwaka 2020, dunia ilipofunika vinywa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, watu wenye masikio mazima walishangaa kujiona wakiulizana, “Wasemaje?” Jambo lililotajwa mwaka 1979 kuwa ni ukuta limekuwa, kwa sehemu kubwa, ni jambo la kununua.

Mahakama nazo zimesogea. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria kubwa zaidi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 mwanafunzi mmoja kiziwi aliingia chuo cha utabibu cha Creighton University, mjini Omaha. Aliomba mtu wa kuandika maneno ya mwalimu papo hapo kwenye kompyuta, na mkalimani wa kumsaidia. Chuo kikampa msaada mdogo zaidi, hasa chombo cha kukuza sauti. Kwa miaka miwili ya mwanzo alikopa zaidi ya dola 100,000 ili ajilipie mwenyewe msaada aliouhitaji. Na ilipofika zamu ya kuwahudumia wagonjwa, chuo kikamkataza kumtumia mkalimani hata kwa fedha zake. Mwaka 2013 jopo la raia walioapishwa mahakamani liliamua kwamba alibaguliwa.

Katika visa hivi viwili twaona swali ni moja tu: kazi ya mwuguzi, au ya daktari, ni nini hasa? Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili, yaani kazi yenyewe na njia iliyozoeleka ya kuifanya. Kusikia si kazi ya mwuguzi. Kazi yake ni kujua kwamba moyo wa mgonjwa unakwenda vibaya, na kujua mapema. Kusimama si kazi ya daktari. Kazi yake ni kulifunga jeraha lililo mbele yake lisivuje damu. Tukiandika katika masharti ya chuo “awe na masikio mazima,” tumeandika njia. Tukiandika “aweze kutambua mabadiliko ya mapigo ya moyo na ya pumzi, kwa chombo chochote kilichopimwa na kuonekana chafaa,” tumeandika kazi. Maneno hayo mawili yafanana kwa mbali, lakini la kwanza lamfukuza mtu kabla hajajaribiwa, na la pili lamwita aje ajaribiwe.

Wala jambo hili si geni. Ni wangapi kati ya madaktari na wauguzi wetu wavaao miwani? Wakiivua, wengine wao hawataweza kusoma jina la dawa kwenye chupa wala mistari ya bomba la sindano. Lakini hatujasikia mkubwa wa chuo akisema kwamba mwenye miwani ni hatari kwa wagonjwa, au kwamba miwani yake ni upendeleo ambao wenzake hawakupewa. Miwani imezoeleka, basi. Tena daktari akiisha kuwa mzee, masikio huwa mazito na mikono hupungua wepesi. Naye hapokonywi cheti siku hiyo, bali hutafutiwa namna: huacha upasuaji, hufundisha, hununua chombo kizuri zaidi. Twamstahi kwa maarifa yake. Udhaifu ule ule ukionekana kwa kijana wa miaka 18 mlangoni mwa chuo, huitwa kizuizi. Hatuoni haki ya tofauti hiyo, isipokuwa kwamba yule mzee ni wetu, na huyu kijana hatujamjua bado.

Iko, hata hivyo, hoja yenye nguvu kuliko ile ya barakoa. Mwaka huo huo wa 1979 chama cha vyuo vya utabibu vya Marekani kilitoa mwongozo wa yale ambayo kila mwanafunzi wa utabibu apaswa kuyaweza: kutazama, kuwasiliana, kutumia viungo vyake, kufikiri, na kuwa na mwenendo mwema na moyo uliotulia. Humo ilielezwa kwamba haifai mwanafunzi kumtegemea mtu wa kati, kwa kuwa mtu wa kati akimtazamia au akimsikilizia, basi hukumu ya daktari imepita katika macho na masikio ya mwingine, wala si yake tena. Vyuo vingi viliyachukua maneno hayo katika masharti yao.

Twalistahi wazo hili, maana lina ukweli ndani yake. Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki ni mashahidi wazuri wa upande wa pili. Hospitali nyingi za misheni katika nchi zetu zilianzishwa na madaktari waliotoka ng'ambo, nao walipofika hawakuijua lugha ya wagonjwa wao. Bibi kizee alieleza kwa lugha ya kwao jinsi tumbo linavyomkata tangu juzi, msaidizi akageuza kwa Kiswahili au Kiingereza, daktari akauliza, msaidizi akarudisha. Kila neno la ugonjwa lilipita kwa mtu wa kati. Hata leo daktari kijana aliyezaliwa pwani, akipelekwa bara, humwita mwuguzi amfasirie maneno ya wazee wasiojua Kiswahili. Makosa yalitokea, na yatokea bado; lakini hakuna aliyesema kwamba watu wale hawakuwa madaktari, au kwamba hukumu zao zilikuwa za wakalimani. Mkalimani huleta maneno, na daktari ndiye huyapima. Mtu atasema kwamba lugha hufundishika, na sikio halifundishiki. Ni kweli, lakini wagonjwa wale hawakungoja mpaka daktari ajifunze. Ikiwa tulikubali hivyo kwa asiyejua lugha, twamkatalia kwa sababu gani asiyesikia?

Twaweza kutaja pia habari za David Hartman, aliyekuwa kipofu tangu umri wa miaka minane. Alipokelewa na chuo cha utabibu cha Temple University, mjini Philadelphia, baada ya vyuo vingine kumkataa. Akahitimu mwaka 1976, akawa daktari wa magonjwa ya akili. Yaliyowezekana kushikwa aliyajifunza kwa vidole vyake, na yale ya kutazamwa tu, kama picha za eksirei, alielezwa na watu wenye macho. Je, aweza kushona jeraha? Hatudhani kwamba hilo ndilo swali. Ni nadra daktari wa akili kushona jeraha, hata akiwa na macho makali. Yampasa kujua kwamba jeraha lahitaji kushonwa, na kumpeleka mgonjwa upesi kwa ajuaye.

Sasa na tugeuze macho upande wa mgonjwa, maadamu ni kwa ajili yake twaambiwa haya yote. Mgonjwa kiziwi akija hospitalini kwetu, mara nyingi huja na ndugu wa kumsemea. Hebu fikiri, ndugu msomaji, msichana kiziwi mwenye maumivu ya siri, naye hana budi kuyaeleza mbele ya mjomba au kaka yake, ili huyo ayaeleze kwa daktari! Mengine atayaficha, na daktari atatibu kile alichoambiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaitaja lugha ya ishara miongoni mwa lugha ambazo serikali yapaswa kuzikuza, lakini katiba haiwezi kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwuguzi kiziwi aweza. Chuo kilichomkataa kwa kuogopa mtu wa kati kimemwachia mgonjwa huyu mtu wa kati siku zote.

Kuna jambo jingine ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko hayo, nalo halisemwi sana katika mabaraza ya vyuo. Mwanafunzi ajuaye kwamba akisema atafukuzwa, hatasema. Tuseme yuko mwanafunzi ambaye sikio lake moja limekufa na la pili ni zito. Alifaulu mahojiano kwa kujiketisha upande uliomfaa. Wodini aambiwa apime msukumo wa damu. Afunga kitambaa mkononi mwa mgonjwa, apiga pampu, aweka chombo masikioni, wala hasikii mdundo uanzapo wala ukomapo. Nyuma yake wangoja wagonjwa kumi. Atafanyaje? Ataitazama namba iliyoandikwa jana, aandike inayofanana nayo. Karatasi itakuwa safi, mwalimu ataitia sahihi, na mama mjamzito ambaye msukumo wake wa damu ulipanda usiku ule atarudi nyumbani kwake.

Katika habari hii, ni nini kilichomhatarisha mama yule? Si sikio. Viko vipimo vya umeme vinavyoonyesha namba pasipo mtu kusikiliza, na si vitu vya ajabu tena. Kilichomhatarisha ni siri, na siri ilizaliwa na masharti ya mlangoni. Wanaosema kwamba masharti makali humlinda mgonjwa wasahau kwamba masharti hayo humkamata mkweli na kumpitisha mwenye kuficha. Uchunguzi wa vyuo vya utabibu vya Marekani ulionyesha kwamba, katika vyuo vilivyojibu, wanafunzi waliojieleza kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.7 mwaka 2016, na asilimia 4.6 mwaka 2019. Hatudhani kwamba ulemavu wenyewe uliongezeka kiasi hicho katika miaka mitatu. Twadhani kwamba wengi walianza kusema. Tena walio wengi kati yao hawakuwa viziwi wala vipofu, bali ni wenye shida zisizoonekana kwa macho, kama vile shida ya kutuliza fikira, ya kusoma, na ya huzuni au hofu kuu.

Je, twasema basi kwamba kila aombaye apokelewe? La. Wengine hukasirika wakisikia kwamba mwanafunzi asomaye kwa shida apewa saa moja na nusu kwa mtihani ambao wenzake wamepewa saa moja. Husema kwamba mgonjwa avujaye damu hatamwongezea nusu saa. Ni sawa, hatamwongezea. Lakini mgonjwa huyo hatampa karatasi ya maswali pia. Ikiwa mtihani wapima maarifa ya dawa, kasi ya kusoma si kitu kinachopimwa, na kumwongezea muda si kumpa alama za bure. Lakini ikiwa mtihani ni wa kumwokoa mtu aliyeacha kupumua, dakika ndizo kazi yenyewe, na hapo hatuna ruhusa ya kuongeza hata moja, mwanafunzi awe nani. Vivyo hivyo achanganyaye tarakimu asisamehewe hesabu za dawa. Apewe kikokotoo, apewe mahali pa kimya pa kutayarishia dawa, na mwenzake akikague kipimo kabla ya sindano, kama ifanywavyo katika hospitali nyingi kwa dawa za hatari kama insulini. Baada ya hayo yote akiendelea kukosea, asipewe dawa mkononi. Aambiwe kweli, kwa upole, tena mapema, kabla hajamaliza miaka yake na ada za wazazi wake.

Kwa hiyo twawaelewa majaji wa mwaka 1979 waliposema kwamba chuo hakilazimiki kuufuta mwaka wa wodini. Mwuguzi asiyepata kumgusa mgonjwa si mwuguzi. Kinachotusumbua ni njia iliyotumika kabla ya kufika mahakamani. Chuo kilipata habari za masikio yake, kikauliza rai ya mkubwa wa baraza la wauguzi wa jimbo, kikakata shauri. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye cheti cha uuguzi msaidizi. Tungalipenda ajaribiwe kwa majuma machache, kwa mgonjwa mmoja mmoja, mwalimu akiwa karibu, ikaandikwa aliweza nini na alishindwa nini. Pengine angalishindwa. Lakini angalishindwa kazi, wala si makisio.

Labaki swali la gharama, na hatupendi kuandika kana kwamba fedha huokotwa njiani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, wataka wanafunzi wa elimu ya juu na ya ufundi wapewe marekebisho yanayowafaa, ila yasiwe mzigo uzidio kiasi. Kiasi hicho ni kipi? Chuo ambacho mwalimu mmoja ana wanafunzi 40 hakiwezi kufanana na chuo cha Omaha. Lakini marekebisho mengi hayahitaji fedha nyingi: kiti cha mbele; mwalimu asiseme huku akiandika ubaoni na kuwapa mgongo wanafunzi; maandishi ya somo kutolewa siku moja kabla; kigoda kirefu cha kukalia wakati wa kufunga vidonda; zamu za mchana kwa mwenye kifafa, kwa kuwa kukosa usingizi huweza kuuamsha ugonjwa wake. Twashangaa tuonapo hospitali yenye njia ya mteremko kwa ajili ya vitanda vya wagonjwa, na kando yake jengo la chuo lenye ngazi tupu. Mkalimani ni ghali, hilo twakubali. Lakini gharama hiyo haifai kumwangukia mwanafunzi, kama ilivyomwangukia yule wa Omaha. Vyuo vya mkoa mmoja vyaweza kumwajiri mkalimani kwa shirika, na hospitali ikamtumia kwa wagonjwa wake pia, ambao wamemngoja kwa muda mrefu kuliko mwanafunzi.

Sisi walimu wa shule tuna sehemu yetu, maana barua ya kwanza huandikwa mezani petu. Mwanafunzi kiziwi akituambia kwamba ataka uuguzi, tumezoea kumgeuza kwa upole aelekee kwenye ushonaji au useremala, tukidhani tumemwokoa na aibu. Afadhali tumsaidie kuandika ombi lake, na ndani yake aeleze wazi asichokiweza, anachokitumia badala yake, na jinsi alivyofanya kazi darasani na katika maabara. Kisha aombe ajaribiwe. Jibu la kukataa likija, tusilitie katika jalada tukanyamaza. Tuandike tena, tuulize ni kazi gani hasa, kwa jina lake, ambayo chuo kimeona hataiweza, nani aliyempima, na alimpima kwa chombo gani.